Simu Imeanguka Majini! Usiiwashe, Wala Usimpige Mtoto

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kinacholala katika mfuko wa suruali yako, au katika fundo la kitenge cha mama, nacho ni simu. Na hasa juu ya saa ile mbaya inapoteleza mkononi na kuingia majini. Usiseme kwamba mchungaji amekosa habari ya kuandika. Ngoja kwanza nikusimulie yaliyotokea nyumbani mwangu hapa Kalemie, ndipo utajua kwa nini nimeshika kalamu.

Ilikuwa siku ya Posho, wakati wa mvua. Mabomba yalikuwa makavu, basi mke wangu akaenda ziwani kufua nguo pamoja na binti yetu mwenye miaka 12. Simu aliifunga katika kona ya kitenge, kama mama zetu wafanyavyo. Walipofika, akampa binti ile simu aishike, maana yeye mwenyewe alikuwa anaingia majini hadi magotini. Mtoto akainama kuchukua sabuni, simu ikateleza, ikaingia ndani ya beseni la maji ya sabuni. Aliitoa upesi sana. Akaipangusa kwa shati, akaitazama, akaona inawaka. Akashukuru Mungu moyoni mwake, akanyamaza kimya.

Walirudi nyumbani. Hakuna aliyesema neno. Jioni umeme ukarudi, na kila nyumba inajua umeme ukirudi ni mbio: huyu anatafuta pasi, yule anatafuta shaja. Binti akachomeka simu ya mama yake kama kila siku. Hapa kwetu watu husema “kutia simu moto,” na usiku ule neno lile lilikuwa kweli kabisa, kwa kuwa saa nne tulisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikachomoa shaja. Simu ilikuwa ya moto, haikuwaka tena, na mgongo wake ulikuwa umeinuka kama andazi.

Nikauliza nani ameharibu simu. Kimya. Nikauliza mara ya pili, kwa ile sauti ambayo watoto wangu wanaijua. Kimya tena. Siku ya Yenga nilisimama kanisani nikahubiri, na nyumbani mwangu kulikuwa na mtoto ambaye hakula bukari tangu jana.

Siku mbili baadaye ndipo alipomwambia nkambo wake, mama wa mke wangu. Na nkambo akaja kwangu, hakuketi, akasema: “Mkwe, mtoto alikuwa anakuogopa. Anakumbuka kaka yake siku ya ile radio.” Nilielewa mara moja. Miaka miwili kabla, kijana wangu aliangusha radio, nikampiga kofi mbele ya wageni. Radio ilitengenezwa kwa franka chache. Lile kofi lilikuwa bado linafanya kazi.

Fundi aliifungua ile simu mbele yangu. Akanionyesha ndani, mahali pa kuchomeka shaja, palikuwa na ukungu wa kijani na alama nyeusi ya kuungua. Akaniuliza, “Pasta, nani aliitia moto?” Nikamweleza. Akasema, “Kama mungeileta ile siku, imezimwa, ningeisafisha na ingepona. Maji haikuiua. Ni kuchaji njo kuliiua.”

Neno lile la fundi ndilo shina la makala hii, msomaji wangu. Simu nyingi zinazotupwa kwa sababu ya maji ziliuawa baada ya kutoka majini, saa ambayo bado kulikuwa na njia. Ziliuawa na haraka, au na woga wa mtu aliyeficha.

Kilichopotea si chuma

Labda utasema, simu ni kitu cha kununua, kwa nini nyumba ihuzunike? Nami ningesema hivyo, kama isingalikuwa habari ya likelemba. Mke wangu alikuwa mshika pesa wa likelemba ya akina mama 18 wa kanisa. Wengine walituma kwa simu, wengine walimpa mkononi baada ya ibada, naye aliandika yote ndani ya simu: fulani ametoa, fulani amebakiza. Hakuwa na daftari. Simu ilipokufa, orodha ilikufa nayo.

Pesa zenyewe hazikupotea, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Vodacom walipoanza M-Pesa hapa Kongo mwaka 2012, na kampuni nyingine nazo zilipoleta huduma zao, Airtel Money na Orange Money, watu wetu wengi walifikiri pesa zinakaa ndani ya simu kama noti ndani ya sanduku. Sivyo. Pesa zinakaa katika hesabu ya kampuni, kwa jina lako na namba yako. Simu ni ufunguo tu. Tulitoa ile kadi ya SIM, tukaipangusa, tukaiweka katika simu ya shemeji, na pesa zote zilikuwapo. Hata kama kadi yenyewe ingekufa au ingezama ziwani, ungekwenda katika ofisi ya kampuni na kitambulisho chako, kwa wengi wetu ni kadi ya mpiga kura, ukaomba kadi mpya yenye namba ile ile. Kwa hiyo angalia sana namba yako iwe imeandikishwa kwa jina lako wewe, si kwa jina la mjomba aliyehamia Lubumbashi.

Lakini orodha ya waliotoa mkononi haikuwa kwa kampuni yoyote. Mama wanne walisema wametoa zaidi ya vile mke wangu alivyokumbuka. Hakuna aliyesema neno “mwizi.” Lakini lilitembea katikati ya viti vya kanisa bila kusemwa, na mke wangu alilia usiku. Tuliketi pamoja na wazee, kila mama akasema chake, na tofauti ilikuwa franka 45.000. Nililipa. Sikulipa kwa furaha, nakuambia kweli.

Jambo hili likanirudisha katika 2 Wafalme, sura ya 6. Unakijua kisa kile: wana wa manabii walikuwa wakikata miti kando ya Yordani, na chuma cha shoka kikamchomoka mmoja wao, kikazama. Nilikifundisha mara nyingi, lakini sikuwa nimeangalia vizuri jinsi yule mtu alivyofanya. Alipaza sauti pale pale, mbele ya mkubwa wake, akasema wazi kwamba shoka ni la kuazima. Hakungoja jioni. Na Elisha hakumuuliza kwa nini hakukaza mpini. Alimuuliza limeangukia wapi. Mara hii nilikisoma nikiwa nimetazama chini. Nyumbani kwangu mwenye shoka angalinyamaza, na shoka lingalibaki Yordani.

Maji yanafanya nini ndani ya simu

Ndugu zetu wa Likasi na Kolwezi watanielewa upesi kuliko wengine. Katika viwanda kama Shituru kule Likasi na Luilu kule Kolwezi, shaba inapatikana kwa njia ya umeme: unapitishwa ndani ya maji makali yenye shaba iliyoyeyuka, na shaba ile inasafiri ndani ya maji na kujishika juu ya bamba. Mtu aliyefanya kazi huko anajua kwamba umeme na maji vikikutana, metali haikai mahali pake.

Sasa chukua picha ile, uifanye iwe ndogo sana. Ndani ya simu kuna njia nyembamba za shaba, nyembamba kuliko unywele, zimepangwa karibu karibu. Zimeunganishwa kwa bati. Kuna vipande vidogo vyenye tantali, ambayo hutoka katika koltani, ile inayochimbwa Kisengo na Manono. Katika bateri kuna lithiamu, na katika bateri nyingi za simu za kugusa kuna kobalti pia. (Naam, wachimbaji wapendwa, mnachokichimba kwa koleo kinarudi kwenu kwa bei hiyo!) Maji yakiingia humo wakati bateri ina nguvu, simu inakuwa kiwanda kidogo: shaba ya njia moja inaanza kuyeyuka na kwenda kwa jirani yake, kunaota nyuzi ndogo ambazo hazionekani kwa macho, na umeme unapita mahali ambapo haukutumwa. Baadaye kunabaki ule ukungu wa kijani, ndugu yake malakiti.

Maji yaliyo safi kabisa, yasiyo na chumvi yoyote, yanapitisha umeme kidogo sana. Lakini maji hayo yako wapi? Maji ya ziwa letu Tanganyika yana chumvichumvi ndani yake, hata kama ulimi hausikii. Maji ya sabuni ni mabaya zaidi. Maji ya bahari yanakula simu upesi kuliko yote. Chai yenye sukari na Fanta, hizo zikikauka zinaacha gundi. Na maji ya shimo la mgodi, yenye udongo na mchanga wa mawe, yanaacha unga unaobaki katika kila tundu.

Basi umeelewa: maji peke yake yanahitaji muda ili kuharibu. Maji pamoja na umeme hayahitaji muda. Ndiyo sababu kazi yako ya kwanza ni kuuondoa umeme, na kukausha kutakuja nyuma.

Ufanye nini

Itoe majini mara moja. Kama inawaka, izime. Usifungue ujumbe kuona kama bado iko sawa, usimpigie mtu kumjaribu, usiwashe tochi. Kama imejizima yenyewe, usibonyeze kitu, iache katika usingizi wake. Kama ilikuwa imechomekwa ukutani ilipoangukia maji, usiiguse: kwanza zima umeme kwenye kibao chake au chomoa kwa mkono mkavu, miguu ikiwa mahali pakavu. Maisha yako ni ya thamani kuliko Tecno.

Simu ndogo za mabutoni zina baraka moja, kwamba unaweza kufungua mgongo na kutoa bateri kwa ukucha. Fanya hivyo upesi, hapo hapo ufukoni. Toa pia kadi ya SIM na kadi ya kumbukumbu kama iko, vipanguse, uvifunge katika kitambaa ukaviweke mbali na watoto wadogo. Simu kubwa za kugusa nyingi hazifunguki kwa mkono. Hizo zizime tu na kutoa kile kisahani cha SIM kwa sindano. Pangusa kila mahali kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kisha ishike tundu la shaja likitazama chini, uigonge polepole juu ya kiganja, maji yashuke. Usiitikise kwa nguvu kama chupa ya dawa. Wala usipulizie kwa mdomo. Nimeona vijana wengi wakipuliza, na pumzi inasukuma maji yaende ndani zaidi, tena pumzi yenyewe ina unyevu.

Halafu iweke kivulini, mahali pa upepo, imesimama au imelala juu ya kitambaa kikavu. Kama una ventileta na umeme upo, ielekeze huko. Usiiweke karibu na mbabula. Usiianike juu ya manjanja saa sita za mchana. Bateri ya lithiamu haipendi joto, gundi inayoshika kioo inalegea, na maji yanageuka mvuke unaokwenda kukaa mahali pengine ndani. Mama mmoja wa parokia yetu aliweka yake juu ya sufuria yenye makaa, akidhani anaikausha kama ndakala. Haikufika hata saa moja.

Juu ya mchele. Desturi hii imefika kwetu pia: chimbia simu ndani ya mchele, mchele utakunywa maji. Mchele mkavu unanyonya unyevu kidogo tu, si zaidi ya upepo wa kawaida, na unga wake na vipande vyake vinaingia katika matundu. Mwaka 2024 hata kampuni ya Apple iliwaonya wenye simu zake waache kuzitia ndani ya mfuko wa mchele kwa sababu hiyo. Kama una vile vifuko vidogo vyenye punje vinavyokuja ndani ya viatu vipya au mikoba, vile vilivyoandikwa kwamba visiliwe, hivyo vinanyonya unyevu vizuri kuliko mchele. Vikusanye ndani ya kopo lenye kifuniko, uweke simu humo. Mchele, mpendwa, upike siku ya sikukuu.

Ungoje muda gani? Hapa ndipo imani ya watu inapopungua. Siku moja haitoshi kwa simu iliyozama. Siku mbili ni kidogo, tatu ni bora, na wakati huu wa mvua, hewa ikiwa nzito, usiogope kungoja ya nne. Lakini naomba unielewe vizuri: kungoja ni kwa yule aliye mbali na fundi. Kama uko mjini, na fundi mwaminifu yuko, mpelekee siku ile ile, simu imezimwa. Kwa sababu maji yaliyoingia chini ya vile vipande vidogo hayatoki kwa upepo tu, na chumvi haikauki ikaondoka, inabaki. Fundi anafungua, anasafisha kwa brashi laini na alkoli kali, ile isiyo na maji mengi, kisha anakausha. Kwa simu iliyoanguka katika matope, sabuni au kinywaji kitamu, naona njia hii karibu ni ya lazima. Ukimwachia simu, bakia na kadi yako ya SIM. Wala namba ya siri ya pesa usimpe, hata kama ni shemasi wa kanisa lako.

Siku ya kuijaribu ikifika, anza na bateri yake bila shaja. Ikiwaka, sikiliza kwanza: sauti, kipaza, kamera. Hata ikiwa nzima, nakili haraka namba na picha zako mahali pengine, maana simu iliyokunywa maji inaweza kuishi mwezi mmoja kisha ikakuaga bila kukuambia. Kuchaji baadaye, na mara ya kwanza ukae karibu nayo, usilale.

Na bateri? Bateri iliyovimba, iliyo na harufu tamu ya ajabu, au inayopata joto bila kazi, haina msamaha. Usiitoboe ili kutoa hewa, kama wanavyofanya vijana wengine. Usiibonyeze irudi mahali pake. Ikitobolewa inaweza kuwaka moto, na moto wake ni mkali, una moshi wa sumu. Iweke nje, juu ya mchanga, mbali na nyumba ya majani na petroli, kisha mpe fundi.

Usiifuate shimoni

Sasa niseme neno gumu kwa vijana. Kuna mahali ambapo simu ikianguka, uiage.

Mwaka 2014 kule Mombasa, Kenya, simu ilianguka ndani ya choo cha shimo. Mtu akashuka kuitafuta, hakupanda tena. Mwingine akashuka kumsaidia. Watu walikufa kwa ajili ya simu. Wachimbaji, ninyi mnajua zaidi yangu habari ya hewa mbaya: unaingia shimo ambalo lilikaa bila upepo, magoti yanalegea, na yule anayekufuata kukuvuta anaanguka juu yako. Choo ni vile vile, tena vibaya zaidi, kwani uchafu unaooza unatoa hewa ya sumu, na nyingine inaweza kukuzimisha baada ya kuvuta mara chache. Hukumu ya nani mwanaume na nani mwoga haifanyiki hapo. Na shimo la mgodi lililojaa maji, kuta zake zimelowa. Linaweza kuporomoka juu ya mtu anayepapasa chini.

Ziwa nalo. Tanganyika inafika mita 1.470 kwenda chini, na mahali pengi haikungoji uende mbali, chini inakimbia ghafula. Nimeona katika safari ya boti kijana akivua shati ili aruke nyuma ya simu yake, na wenzake wakamshika kiuno. Alituchukia hadi tulipofika Moba.

Wenye kusafiri kwa mtumbwi au boti, na wenye kuosha madini mtoni, fanyeni kama wavuvi wetu: simu imezimwa, ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyo na tundu, kila mfuko umefungwa fundo lake, ukiwa na hewa kidogo ndani ili uelee ukianguka. Haigharimu kitu. Mwaka 2024, maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba za watu hapa Kalemie, niliona familia zimeokoa magodoro na sufuria, na simu zimelowa katika mifuko ya suruali. Na wakati huo jambo la hatari zaidi halikuwa simu, ni nyaya na plagi za ukutani katika nyumba yenye maji sakafuni. Maji yakiingia ndani, usichaji kitu chochote humo mpaka fundi wa umeme amepaona.

Kuna wanaosema, “Yangu haiingii maji, ilikuja hivyo.” Inawezekana. Tazama katika karatasi zake: IP67 maana yake ilijaribiwa katika maji masafi, mita 1, dakika 30, IP68 inapita hapo kidogo, kila kampuni kwa kiasi chake. Lakini ilijaribiwa ikiwa mpya. Mpira na gundi vinazeeka, na simu iliyowahi kuanguka na kupasuka kioo, au iliyofunguliwa kando ya soko kubadilisha bateri, usiitegemee tena. Na nyingi zinazouzwa kwetu zina namba hizo kwenye kava tu.

Habari za nyumbani

Mke wangu amenunua daftari lenye mistari. Kila mama anapotoa, anatia sahihi au alama ya kidole, na mama wa pili anashika daftari lingine linalofanana. Wale wanne bado wako katika likelemba. Namba muhimu za familia tumeziandika kwa kalamu ndani ya kabati, karibu na vyeti vya ubatizo.

Kwa binti yangu nilichelewa. Nilimwita, na nkambo wake akiwapo, nikamwambia kwamba habari ya simu imekwisha, na habari ya kofi la radio nayo nimeikosea. Nikamwita na kaka yake, nikamwambia vile vile. Kijana alicheka kwa aibu, akasema, “Papa, ile ni zamani.” Haikuwa zamani.

Mwezi wa tatu uliofuata nilikuwa ndani nikitayarisha mafundisho ya katekesi, nikasikia sauti toka lupango, kali hata majirani wakatoka: “Papa! Simu yako imeanguka ndani ya ndoo! Njo mimi nimeiangusha! Nimeshaizima!” Ilikuwa simu yangu ya mabutoni. Nilipofika, tayari bateri ilikuwa juu ya kitenge upande mmoja, kadi upande mwingine, na binti yangu anapangusa. Nikamuuliza ilikaa ndani kwa muda gani. Akasema, kama kuhesabu hadi tano.

Ilikaa dirishani siku tatu. Siku ya pili nilijaribiwa sana, maana nilikuwa nangoja habari ya mgonjwa, lakini binti alikuwa ameificha bateri. Siku ya nne iliwaka. Spika yake inakwaruza hata leo, na wanaonipigia huuliza kama ninaumwa mafua.